Kibuyu cha Kasenyi

Juzi jirani yangu aliamua kuziba paa lake kwa lami. Akaichemsha uani kwake ndani ya debe, na upepo ukaniletea mimi harufu yote, yeye mwenyewe hakubaki nayo hata kidogo. Wajukuu wakakimbilia ndani wakiziba pua. Mimi nikabaki pale pale na ungo wangu wa mchele mapajani, nikiinusa harufu ile kama mtu anayenusa pilau ya harusi, na kabla sijafika nusu ya ungo nikajikuta nalia. Wajukuu wakadhani ni moshi. Nikawaacha wadhani hivyo, maana uongo huo ni mdogo sana mbele ya ule ninaotaka kuusimulia.

Kuandika nimejifunza uzeeni, katika madarasa ya usiku, chini ya mwalimu ambaye ningeweza kumbeba mgongoni. Nilihitimu nikiwa wa kwanza katika darasa la watu watatu. Mwalimu akaniambia, mama, sasa unaweza kuandika jambo lolote ulilonalo moyoni. Hakujua nilicho nacho.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya ziwa, upande wa Geita, mtakumbuka tulivyoishi kabla barabara hazijatufikia. Kwetu ni Kasenyi. Ulikuwa mwalo mdogo, yaani mahali ambapo vyombo vinafika na kulala: ufuko mfupi wa mchanga, matete upande wa kulia, mawe makubwa upande wa kushoto, na nyumba kumi na mbili juu ya mteremko. Nikiwa mtoto niliamini kwamba ulimwengu umeanzia hapo, na kwamba sehemu nyingine ziliongezwa baadaye na watu waliokosa nafasi Kasenyi.

Baba alikuwa na mtumbwi wa kushonwa. Si gogo la kuchimbwa. Ni mbao zilizounganishwa kwa nyuzi za ukindu, tundu kwa tundu, kama mtu anavyoshona mkeka. Chombo cha namna hiyo kinadeka sana. Kikilala majini usiku mmoja nyuzi zinalewa maji, kikilala siku tatu zinaanza kuoza. Kwa hiyo kila alasiri kikirudi kilivutwa mchangani kikakauke, na kukivuta ilikuwa kazi ya mwalo mzima: wanaume mbele, akina mama ubavuni, watoto nyuma. Kuvuta bila wimbo hakuwezekani, na mwanzishaji wa wimbo nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kama tisa, miguu kama fito, lakini sauti niliyopewa ingewatosha watu wanne na akiba ingebaki. Nikianza wimbo Kasenyi, mbuzi wa Buseresere walinyanyua vichwa. Mimi naita, wao wanaitikia, na chombo kinapanda mchanga kama ng'ombe anayerudi zizini kwa hiari yake. Ujira wangu ulikuwa samaki wa kwanza. Baba alinichagulia mwenyewe, leo ningu, kesho pande la kamongo lililozidi paja langu. Nyumba yetu ilikuwa ya pili kutoka majini, lakini samaki yule nilimpitisha kwanza mbele ya nyumba zote kumi na mbili ndipo nikampeleka kwa Mama.

Aliyeushona mtumbwi ule ni Mzee Lusato, mtu wa Ukerewe, aliyehamia Kasenyi kabla sijazaliwa. Alikuwa mfupi, vidole vimepinda kwa kuvuta nyuzi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko shoka lake. Aliniita Mama Nyimbo. Mimi nilimwita babu, ingawa hatukuwa na undugu wowote zaidi ya kwamba nilikula kwake karibu kila siku.

Basi wazungu wa dhahabu wakaanza kuchimba huko juu, na wachimbaji wakamiminika kama kumbikumbi. Watu wengi namna hiyo lazima wale. Muhogo, mahindi, samaki wakavu, sabuni, vyote vilitakiwa kuvushwa hadi ghuba ya Nungwe, na mtumbwi wa Baba ulibeba magunia sita. La saba lilitaka mtu mmoja ashuke. Ndipo Baba akaamua kubadili chombo. Pale Lubanga, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu, alikuwapo Bwana Salumu, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, aliyekuwa akiunda mashua za misumari zenye tanga. Baba akampelekea ng'ombe. Katika ng'ombe wale walikuwamo waliotengwa kwa ajili ya mahari ya kaka yangu Shija, aliyekuwa na mchumba na siku imeshatajwa. Baba akamwambia Shija, "Vumilia misimu miwili, mashua itawarudisha ng'ombe wako na ndama juu." Shija akakubali. Alikuwa na tabia ya kukubali.

Siku tuliyokwenda Lubanga kuitazama mashua, Mzee Lusato alikuja nasi, na mimi nilikuja kwa sababu nililia mpaka nikachukuliwa. Mashua ilikuwa juu ya magogo, inapakwa lami, harufu imejaa ufuko mzima. Mzee Lusato akaizunguka mara mbili, kisha akagonga ubao kwa kifundo cha kidole.

"Chuma tupu," akasema. "Imezaliwa na kutu tumboni."

"Na yako, mzee wangu, imefungwa kamba kama kitanda," Bwana Salumu akajibu. "Mtu akijikuna humo ndani inavuja."

"Ikivuja naishona. Yako ikivuja utaipigilia misumari mpaka iwe chujio."

Watu wakacheka, hata Bwana Salumu mwenyewe. Kisha akamgeukia Baba na uso wa kazi.

"Baba Shija, utani kando. Chombo hiki hakivutwi mchangani, kizito. Kinalala majini, juu ya nanga. Lazima kiwe na kwake panapokifaa. Mimi ningekushauri kikae hapa hapa Lubanga. Kina kinatosha, na mlima unakinga upepo."

"Mke wangu yuko Kasenyi," Baba akasema. "Mashamba yako Kasenyi. Nilale hapa na nani?"

"Kasenyi iko wazi, ndugu yangu. Ziwa likikasirika linaingia mpaka jikoni."

Hakuna aliyejua kama ni kweli. Tangu mababu, hakuna chombo kilichowahi kulala majini Kasenyi hata usiku mmoja. Vyote vilipanda mchangani. Mzee Lusato ndiye aliyetoa njia. Kwao Ukerewe, alisema, mtu asiyeujua mwalo huuliza kibuyu. Unachukua kibuyu kikubwa, unakiziba mdomo kwa nta, unakifunga kamba ya ukindu yenye jiwe dogo kama ngumi mbili, unakitia majini. Unakiacha siku sita. Kikikaa mahali pake, mwalo unalaza chombo. Kikitembea, hata kama ni mahali ulipozaliwa, peleka chombo kwingine.

"Kimoja hapa, kimoja Kasenyi," akasema. "Baba Shija atakwenda panaposimama."

Mimi niliyasikia yote hayo, na kwa akili zangu nikaelewa kitu kingine kabisa. Kwamba mashua haivutwi sikukubali. Niliona Bwana Salumu anasema hivyo kwa sababu hajawahi kunisikia nikiimba. Kwangu mimi jambo lilikuwa rahisi: mashua ikifanya makao Lubanga, kuna mtoto mwingine wa Lubanga atakayeiimbia na kupewa samaki wangu. Ikija Kasenyi, nitaiimbia mimi, na kwa ukubwa wake ule, hata mbuzi wa Tinde watasikia.

Mzee Lusato alitia kibuyu cha Lubanga, tukarudi, akatia na cha Kasenyi, mahali ambapo maji yanamfika mwanamume kifuani. Akachomeka mti ufukoni ili mtu akisimama hapo aone kibuyu kimenyooka na jiwe moja jeupe la mbali. Siku ya tatu alipotaka kwenda kukagua cha Lubanga, akaniita.

"Mama Nyimbo, kesho wewe ndiwe jicho langu. Simama kwenye mti huu asubuhi na jioni. Nikirudi utaniambia ulichokiona."

"Kwa nini mimi, babu?"

"Wakubwa kila mmoja ana anachotaka kukiona. Wewe huna."

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, upepo ukatoka ziwani. Haukuwa mkubwa, nguo za Mama zilipeperuka tu kidogo kwenye kichaka. Nilikuwa nimesimama kwenye mti wangu kama askari. Nikakiona kibuyu kikitikisika, kikainama, kisha kikaanza kwenda. Kilikwenda polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga, mpaka kikabanwa katikati ya yale mawe makubwa ya kushoto.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana. Niliangalia kwanza kama kuna mtu. Watu walikuwa shambani. Nikapanda jikoni, nikachukua jiwe la juu la kusagia, lile Mama analolishika mikononi akisaga mtama, zito kuliko mimi na dada zangu wote ambao sikuwa nao. Nikalilaza juu ya kipande cha ubao, nikausukuma ubao nikiogelea, nikakitoa kibuyu maweni, nikalifungua jiwe la Mzee Lusato na kufunga la Mama. Kisha nikakirudisha mahali pake. Nilitoka majini na kuingia tena mara tano mpaka, nikisimama kwenye mti, kibuyu na jiwe jeupe vikanyooka sawasawa. Kazi nzuri kuliko hiyo sikuwahi kuifanya katika maisha yangu.

Mzee Lusato akarudi jioni ya siku ya tano.

"Kimetembea?"

"Hapana, babu."

"Na upepo wa jana? Lubanga ulitikisa matete."

"Hapa pia ulipita. Hakikutembea."

Alisimama kwenye mti, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu. Nakumbuka alivyojikuna shingo, kama mtu aliyejibiwa swali kwa namna ambayo hakuitazamia. Siku ya sita akamwambia Baba, mbele ya watu, kwamba vibuyu vyote viwili vimesimama, na mwenye chombo achague. Baba akachagua nyumbani. Bwana Salumu alipoletewa habari akatuma kuuliza, mna hakika? Mzee Lusato akajibu, "Mwambie nimekiona kwa jicho langu."

Jicho lake lilikuwa mimi.

Mama alilitafuta jiwe lake siku nne. "Shetani gani anakula mawe nyumba hii?" akasema, na mwisho akamtuhumu Shija kuwa amelipasua akibanja njugu. Shija akakubali.

Mashua ilipokuja, mwalo mzima ulishuka ufukoni. Nilikuwa mbele ya wote, pumzi nimeijaza hadi magotini. Ikaja na tanga lake, nzuri jamani, ikasimama mbali kule kwenye maji ya kifuani, nanga ikatupwa. Baba na Shija wakashuka majini, wakatembea hadi ufukoni. Basi. Hakuna aliyevuta kitu. Watu wakapiga vigelegele kidogo, wakapanda makwao. Nikabaki na wimbo wangu kooni kama mwiba wa samaki. Mtumbwi wa zamani ulipinduliwa nyuma ya nyumba na kuku wakaanza kutaga chini yake.

Mashua ilikwenda Nungwe mara tatu ikarudi salama. Safari ya nne ilipakiwa jioni, magunia hadi juu, waondoke alfajiri. Alfajiri kulikuwa na ukungu, wakangoja. Mchana, wakati Baba na Shija wanakula ugali, upepo ukatoka ziwani, na huo haukuwa wa kupeperusha nguo. Tuliposhuka ufukoni mashua ilikuwa imeshaanza kutembea na nanga yake. Baba na Shija walijitupa majini, mawimbi yakawarudisha kama makapi. Mashua ikaenda kushoto, moja kwa moja, mpaka maweni. Watu walikuwa wakipiga kelele, itageuka, itageuka. Mimi nilijua haitageuka. Ilikuwa inapita njia ile ile ya kibuyu, na katika Kasenyi nzima ni mimi peke yangu niliyeijua njia hiyo.

Iligonga mara nyingi. Sitaandika mara ngapi, kwa sababu nikianza kutia chumvi hapo nitajidharau.

Kesho yake asubuhi watu walikuwa ufukoni wakiokota mbao. Muhogo uliolowa ulitapakaa kila mahali, mweupe. Shija alikuwa ameketi akiitazama mashua kama mtu anayetazama ng'ombe wake wote wamelala chini kwa mara moja, na ndivyo ilivyokuwa. Na maneno yakaanza, kwanza pembeni, kisha waziwazi. Fundi wa nyuzi angependaje misumari ifanikiwe? Nani atamwita kushona, watu wote wakinunua za tanga? Kibuyu alitia mwenyewe, alikagua mwenyewe.

Baba akamwendea. "Mzee Lusato, nieleze tu nielewe. Kibuyu kilisimama, au hakikusimama?"

Mzee Lusato akanitazama. Nilikuwa nimeshika khanga ya Mama. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa kweli: mtoto wako ndiye aliyekuwa analinda. Hakulisema. Akavua shuka, akaingia majini. Kibuyu kilikuwa bado pale, hakuna aliyekikumbuka; mashua imevunjika na chenyewe kimesimama palepale, kimenyooka na jiwe jeupe. Alipokifikia akatupa mgongo, akaanza kuivuta kamba.

Watu wa ufukoni walimwona mgongo. Mimi nilikuwa nimeshasogea kuelekea maweni, nikamwona kwa ubavuni. Jiwe likapanda hadi karibu na uso wa maji. Lilikuwa limelainika upande mmoja kwa kusagia. Kila mtu Kasenyi angelijua ni la nani. Akalishika hapo, chini ya maji, akalipapasa kwa vidole vyake vilivyopinda. Kisha akageuza uso, akaniona.

Nilitazamia hasira. Sikuiona. Aliniangalia kama alivyokuwa akiuangalia ubao, kuona umeoza mpaka wapi. Akakata kamba, jiwe likazama, akatoka majini na kibuyu kitupu.

"Jiwe nililifunga zito mno," akamwambia Baba. "Nilikosea."

"Fundi kama wewe unakosea jiwe?"

"Uzee, Baba Shija."

"Uzee au wivu?"

Mama akamgusa Baba mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee Lusato akajifunga shuka lake taratibu.

"Chagua wewe," akasema. "Lolote utakalochagua mimi nitalibeba."

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Neno lilikuwa moja. Sauti ya kulisemea nilikuwa nayo, ninyi mnajua. Nikainama, nikaanza kuokota muhogo.

Hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kumwita. Mtumbwi ukivuja walimtafuta fundi wa mbali. Akisalimia walimwitikia huku wanatembea. Kabla ya mvua kuanza alikwenda kwa binti yake aliyeolewa Tinde, nchi kavu, mahali ambapo maji pekee ya kutosha chombo ni yale ya kuku kunywea. Siku ya kuondoka alipita kwetu kuaga. Nilijificha ndani ya ghala la mtama. Nilimsikia akimwuliza Mama, "Mama Nyimbo yuko wapi?" na Mama akijibu, "Sijui siku hizi amekuwaje, haimbi hata." Akangoja kidogo, kisha akaenda.

Wazazi wa mchumba wa Shija walingoja msimu mmoja, wakamwoza binti yao kwa mtu mwingine. Shija akaenda kubeba mawe machimboni na hakulalamika. Baba alipata kazi katika mashua ya Bwana Salumu, na mwisho sote tukahamia Lubanga, pale pale tulipoambiwa tangu mwanzo. Hapana upepo Lubanga. Nilipachukia.

Nilimwona tena nikiwa nimeshaolewa na kuzaa mapacha wangu. Mume wangu alikuwa na safari ya Shinyanga, tukapumzika Tinde siku ya gulio. Akina mama walikuwa wamekusanyika barazani mbele ya duka moja, nikasogea nione wanagombea nini. Alikuwa ameketi chini, mdogo zaidi ya nilivyomkumbuka, akishona vibuyu vilivyopasuka. Tundu kwa tundu, kwa nyuzi za ukindu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuinua kichwa mara moja. Kisha akainua, na sikuhitaji kujitaja. "Siku hizi unaitwa mama nani?"

"Mama Kulwa."

"Kulwa na Doto. Hongera. Baba hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Na chombo anachokiendesha kinalala wapi?"

"Lubanga."

"Ndipo panapokifaa," akasema, akavuta uzi kwa meno.

Wale akina mama wengine walilipa, wakaondoka mmoja mmoja. Tukabaki wawili. Mume wangu alikuwa mbali, anapatana bei ya chumvi. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka yote, nimelipanga kichwani likiwa na mwanzo na mwisho, kwa Kiswahili na kwa kikwetu. Mzee Lusato akaweka sindano chini. Akafuta mikono kwenye shuka, akaikunja magotini, kama mtu anayempa mgeni nafasi.

"Haya, mama," akasema. "Umekuja kununua, au umekuja kusema?"

Hakukuwa na mtu mwingine wa kutusikia. Alikuwa ananitazama bila haraka yoyote.

"Nimekuja kununua, babu."

"Haya."

Akageukia vibuyu vyake, akavipindua viwili vitatu, akanichagulia kimoja. Akakijaza maji mbele yangu, akakiinua juu ili nione mwenyewe kwamba hakivuji, akayamwaga, akanipa.